Arobaini na Saba za Nini?

Tangu bibi yake afariki, Mwanahawa ndiye aliyeamka kabla ya jogoo kule kwao Itetemia. Bibi alikuwa akikamua kwa mkono, akiimba chinichini kwa Kinyamwezi, na Tulia, ng'ombe aliyemlea tangu ndama, akisinzia kabisa. Siku hizi zizini iliunguruma mashine ndogo ya kukamulia, maana vidole vya Babu Mabruki vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi.

Mashine ile hunyonya hewa kwenye vikombe vinavyovishwa chuchu. Mnyonyo huo, uitwao ombwe, ndio huvuta maziwa. Geji ya zamani ya kupimia ombwe hilo ilikuwa imevunjika, na jana yake Mjomba Issa, fundi wa mjini, alikuwa amefunga nyingine. Karatasi iliyobandikwa kwenye mashine ilisema ombwe liwe 47. Mwanahawa akatazama geji mpya: namba zake ziliishia thelathini!

"Basi inataka nguvu zaidi," akajisemea. Babu alikuwa msikitini, na shule haimngoji mtu. Akakaza koki, mshale ukapanda hadi ishirini na tano.

Tulia alivumilia kidogo, kisha akarusha teke. Ndoo ikapinduka. Chuchu zilikuwa zimevimba, nyekundu.

"Shikamoo, Babu," Mwanahawa alisema mzee alipoingia. "Nzi wamemsumbua."

"Marahaba. Nzi gani hao, mjukuu wangu, wanaoamka kabla ya jua?"

Babu hakugomba. Alichuchumaa, akampaka Tulia samli polepole. "Chuchu ikifa hairudi," alisema. "Na huyu ndiye aliyebaki na sauti ya bibi yako masikioni."

Hapo Mwanahawa akashindwa kujizuia. "Nimekudanganya, Babu. Mimi ndiye niliyekaza. Karatasi inasema arobaini na saba."

"Arobaini na saba za nini?"

Mwanahawa akaitazama tena karatasi.

"Babu yangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya misafara njia ya Ujiji," mzee alisema, macho yake yakiwa mbali. "Walilipwa nguo, na nguo walipima kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukiahidiwa mikono minane, kwanza uliuliza: mkono wa nani? Wajanja wakitoa walimwita mfupi apime. Wakipokea, waliita jitu refu!"

Mwanahawa akacheka huku machozi yanamtoka. Akapangusa karatasi. Chini ya tone la maziwa lililoganda paliandikwa: kilopaskali. Geji nayo ilisema: inchi za zebaki. Wakampigia simu Mjomba Issa.

"Inchi moja ni kama kilopaskali tatu nukta nne," alisema. "Haya, gawanya mwenyewe, msomi!"

Mwanahawa akaandika ukutani kwa mkaa: 47 gawanya kwa 3.4, karibu 14. Kisha akazidisha ile ishirini na tano yake kwa 3.4. Kilopaskali themanini na tano! Akaziba mdomo.

Siku tano alimkamua Tulia kwa mkono, taratibu, akibabaisha wimbo wa bibi. Siku ya sita uvimbe ulikuwa umekwisha. Akaweka mshale kwenye kumi na nne, akavisha vikombe, akaendelea kuimba. Tulia akafumba macho.

Babu, mlangoni, alijifuta uso kwa kanzu. "Namba usiiamini mpaka ujue kipimo chake," alisema. "Na kosa likisemwa mapema, mjukuu wangu, dawa yake ni samli. Likifichwa, dawa yake ni kisu cha mchinjaji. Haya, imba. Ubeti wa pili umeuruka."