Uyoga wa Mtumbwi Uliooza

Upepo uliwageukia wakiwa bado mbali na Uvira, na wimbi la tatu likaupindua mtumbwi wa injini kama bakuli. Consolée, mchuuzi wa uyoga katika soko la Kimanga, alijikuta kwenye ufuo mwembamba wa mawe, nyuma yake genge lisilopandika. Kando yake alikuwa Chabani, mwendesha mtumbwi, mguu umevunjika.

Siku ya tatu homa ilikuwa imempanda Chabani.

"Maji iko mingi, dada," alinong'ona. "Chakula ndiyo hakuna. Weye uniache."

"Nyamaza. Minye siachi muntu hapa."

Consolée alijikokota hadi mwisho wa ufuo. Pale, kwenye kivuli cha genge, mtumbwi wa zamani ulilala kifudifudi, umeoza hadi mbavu, na juu yake uyoga mweupe umejaa tele. Mate yalimjaa mdomoni, lakini mkono ukasita. Kwao uyoga hauchumwi kabla ya kujua ni mti gani uliokufa chini yake; mama yake alimchapa kwa hilo tangu utotoni.

Basi akakwangua kuvu kwa jiwe apate kuuona ubao. Ikatokea rangi ya bluu. Kisha herufi, moja moja: ALLIANCE.

Alilijua jina hilo. Kaka yake Basile aliupa mtumbwi wake jina la binti yake, akaondoka nao miaka minne iliyopita, na ziwa halikurudisha hata kiatu. Mama yao bado alimtengea sahani kila jioni. Consolée alitafuta kati ya mawe: hapakuwa na mfupa wala nguo. Ila alihisi anatazamwa, na aliogopa vibaya sana.

Nyuma yake Chabani aliweweseka, akimwita mkewe.

"Yaya Basile," Consolée alisema kwa sauti, machozi yakimtiririka, "minye naomba. Iko muntu anakufa."

Akachuma. Kiberiti cha gesi cha Chabani, kilichoanikwa juani, kiliwaka mara ya kumi. Wakauchoma uyoga, wakala, siku mbili nzima. Siku iliyofuata wavuvi wa Nyamianda waliuona moshi, wakaja kuwachukua.

Nyumbani mama alimkumbatia hadi akakosa pumzi.

"Mulikula nini huko, mwanangu?"

Consolée alitafuta uongo, akaukosa.

"Mama, yaya Basile alitulisha."

Mama aliketi sakafuni, akalia kilio alichokizuia miaka minne. Jioni aliijaza sahani ya Basile, akaifunika kwa kitambaa, akampelekea Chabani hospitalini.