Saa Saba za Wivu

"Jamani, dada! Skrubu zangu kumi na saba!"

Mkunga aligeuka. Katika msongamano wa soko mkoba wake ulikuwa umekumba meza ya fundi saa. Akapiga magoti na gauni lake la manjano, akaziokota moja moja.

"Hizo hapo. Hesabu."

Fundi hakuhesabu kitu. Macho yake yalikuwa kwingine, na usimlaumu.

Mwaka uliofuata mkunga alipata nafasi ya kusoma ng'ambo. Siku ya kuondoka, fundi alimvalisha saa ya mkononi aliyoifufua mwenyewe. Mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Umelala, laazizi?"

"Nilale mchana wote huu? Giza liko kwako!"

Masomo yakaisha. Mkunga akatuma picha ya tiketi. "Saa kumi na tatu tu angani, moja kwa moja, mpenzi."

Fundi akavaa miwani. Kuondoka, saa sita mchana. Kufika, saa mbili asubuhi. Akahesabu kwa vidole: saa ishirini! Mwaka mzima alijua kwake kukiwa jioni kule ni mchana, lakini wivu ulipompanda, yote yakamtoka kichwani. Akapiga simu.

"Hizo saa saba nyingine utakuwa kwa nani?"

"Unasemaje?"

"Mimi fundi saa, mama. Hapo hunidanganyi."

Mkunga akasema taratibu, "Hospitali ya huku inataka nibaki. Nilipanga kuwakatalia kwa ajili yako. Sasa sijui. Usije kunipokea." Akakata.

Kesho yake fundi alimwonyesha tiketi dada yake, ambaye kazi yake ni kukata tiketi za ndege. Dada alicheka mpaka akaegemea kaunta.

"Mjinga wewe! Anaondoka saa sita ya kule, anafika saa mbili ya hapa, na kule wako nyuma yetu kwa saa saba. Kilomita elfu kumi na moja na ushee hizo. Saa kumi na tatu, basi!"

Masikio yalimwaka fundi kwa aibu. Akampigia mkunga mara ishirini. Hakupokea.

Siku yenyewe alikuwa uwanjani tangu alfajiri, shati limenyooshwa. Abiria walitoka mpaka wakakaribia kwisha. Hajapanda, alijiambia, na kosa ni langu. Ndipo gauni la manjano likatokea mlangoni.

"Si nilikwambia usije?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikosea hesabu."

Mkunga akamnyooshea mkono. Saa yake ilikwenda sawasawa na ya fundi, dakika kwa dakika.

"Mwaka mzima sikuigusa mishale. Wenzangu wanakula cha mchana, saa yangu inasema jioni. Walinicheka sana. Nilitaka kila nikiitazama nijue wewe unafanya nini. Halafu unaniuliza nitakuwa kwa nani!"

Machozi yalimtoka fundi mbele za watu. "Nisamehe. Na kama bado unanitaka, nikuoe."

"Hospitali nilishawajibu. Nimewaambia nyumbani kuna mtu hajui kuhesabu, hawezi kuachwa peke yake." Akamtwika sanduku. "Haya, nimekaa angani saa ngapi?"

"Kumi na tatu, mke wangu."