Chaki na Mkasi

Katika duka lile la ushonaji kulikuwa na sheria moja. Mke anapima na kuchora kwa chaki, mume anakata, na mkasi haugusi kitambaa mpaka wote wawili wakubaliane. Kwa miaka kumi na minane hawakuharibu nguo ya mtu. Kugombana waligombana, tena sana, lakini nguo zilitoka sawa.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba Rais anataka jeshi livuke mpaka, likapigane katika vita vya nchi jirani. Binti yao, kifungua mimba wao, alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Mawazo yakiwa mbali, mke akanyakua mkasi na kukata suruali iliyokuwa mezani bila kumwita mumewe.

Mwenye suruali alikuwa jirani yao, karani mstaafu wa bunge. Alipokuja kuijaribu, ilimkomea chini kidogo ya magoti.

"Fundi, hii ni suruali au kaptula?"

"Nisamehe, jirani. Leo sina akili. Rais ameshasema, mwanangu anakwenda vitani. Neno la mkubwa likishatoka, nani atalirudisha?"

"Nani kakwambia mambo yamekwisha?" Karani akaketi, na kaptula yake vilevile. "Rais ni amiri jeshi mkuu, kweli. Lakini katiba yetu inasema jeshi haliendi kupigana nje mpaka bunge likubali. Wabunge wanajadili, wanapiga kura. Wakikataa, haliendi."

Mume, aliyekuwa akipiga pasi, akadakia, "Na adui akituvamia? Tungoje wabunge wamalize hotuba?"

"Hapana. Hapo Rais anaamuru jeshi litulinde papo hapo, kisha analieleza bunge upesi. Hebu niambie, pasi ikianza kuunguza nguo, mnaitisha kikao?"

"Kikao cha nini? Aliye karibu anaiondoa!"

"Na kukata je?"

Mume akamtazama mkewe, akaitazama suruali. "Kukata ni watu wawili," akasema taratibu.

Mke akacheka huku machozi yakimtoka. "Sasa mimi mshona nguo nifanye nini?"

"Una mbunge. Kura ni Alhamisi, na kesho ofisi yake iko wazi. Nenda ukamwambie unalotaka. Tulimchagua atusemee."

Kesho yake akaenda, pamoja na wazazi wengine kumi na mmoja wa askari. Mbunge akajikuna kichwa. "Mama, Rais ameshaamua."

"Mheshimiwa, yeye amechora kwa chaki," mke akajibu. "Mkasi mnao ninyi."

Alhamisi cherehani zilinyamaza, redio ikasikilizwa. Mbunge wao akasimama na kuuliza: Tunapigania nini? Tutarudi lini? Waziri wa Ulinzi akazunguka mbuyu, jibu halikupatikana. Kura zikapigwa. Wengi wakakataa, wakaruhusu jeshi lilinde mpaka tu. Rais akatangaza kwamba atatii.

Siku ya pili binti akapiga simu. "Mama, nilikuwa nimeshafunga begi. Tumeambiwa tufungue."

Mke akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Simuni binti akaita, "Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Nipo."

Kisha akatandaza kitambaa kipya cha suruali ya karani, akapima, akachora. Mume akachukua mkasi, akasubiri. Mke akapima tena mguu wa kulia.

"Umeona sawa?" akamuuliza mumewe.

"Nimeona sawa."

"Basi kata."