Namba Iliyoanza na 217

Nyumbani kwa Mama Eufrasia, Kasoli, hakukuwa na mtandao. Aliyetaka kupiga simu alipanda jabali lililo nyuma ya zizi, akasimama juu kabisa. Ndiyo maana Violeth alishtuka siku ile ya mavuno, saa saba mchana, simu ya mama yake ilipolia mara moja ndani ya nyumba, juu ya gunia la pamba, kisha ikakatika.

Ilikuwa imebipu.

"Ni Bujiku!" Mama Eufrasia aliacha pamba aliyokuwa anachambua. "Nani mwingine wa kunibipu? Lete nimpigie."

Bujiku, mwanawe wa kwanza, alikwenda kwenye machimbo ya Msumbiji. Huu ulikuwa mwaka wa pili bila neno lolote.

Violeth aliitazama namba. Ilianza na +217. Baba yake alipofariki, aliacha shule kidato cha pili, akarudi nyumbani na dayari ya zamani aliyopewa na mwalimu wa jiografia. Kurasa za nyuma zilikuwa na namba za mwanzo za simu za kila nchi. Alizikariri zote, maana hakuwa na kitu kingine cha kukariri.

"Mama, Msumbiji ni 258. Hii siyo."

"Labda amehama."

"Amehamia wapi? 216 ni Tunisia, 218 ni Libya. 217 haimo. Wameiruka."

Mjomba Bundala, aliyekuwa anafunga magunia, alicheka. "Waziri wa simu huyo! Kidato cha pili kinatufundisha dunia. Dada, mpigie mtoto."

Mama akapiga. Simu haikuwa na salio wala mtandao, lakini iliita.

"Mayu," ikasema sauti ya Bujiku, kama alivyozoea kumwita mama yake.

Mama alilia kwa furaha. Violeth alisikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, ingawa moto haukuwashwa tangu asubuhi.

Kuanzia siku ile simu ilibipu kila mchana, jua likiwa utosini, na mama alipiga kila mara. Sauti ile haikuulizia habari za mtu. Ilisema tu, "Mayu, zungumza. Niambie chochote." Naye alizungumza. Siku ya nne alipoamka alikuwa amekauka koo. Siku ya saba alisimama mlangoni mwa zizi akawaita ng'ombe wake kama alivyowaita miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Siku ya tisa midomo yake ilicheza bila kutoa sauti, na simu ilipobipu akainyakua, akapiga, akaiweka sikioni huku machozi yakimtiririka, na Violeth aliyekuwa amekaa karibu naye akasikia kutoka ndani ya simu, badala ya Bujiku, sauti ya mama yake mwenyewe, tulivu, yenye upole uleule wa kumwamsha kwenda shule, ikisema, "Violeth, mwanangu, sasa na wewe nipigie."

Bundala hakucheka tena. Alikwenda na bodaboda hadi Mwamapalala, akarudi na mganga, bibi mmoja aitwaye Nyanjige. Bibi alinusa simu, akaiweka chini haraka.

"Ni jini," alinong'ona. "Halina nguvu ya kuingia. Linagonga na kusubiri wewe ulifungulie. Kila mkilipigia, mnafungua."

"Tuchinje mbuzi?" Bundala aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mbuzi atajua 217 ni wapi? Mimi najua mizizi. Nani hapa anajua namba?"

Bundala alitazama chini. "Huyu mtoto."

"Basi sikia, mjukuu wangu. Msilipigie. Likishindwa kusubiri, litapiga lenyewe, na hapo litakuwa mgeni. Mgeni huulizwa nini?"

"Huulizwa atokako," Violeth alijibu.

"Asiyeweza kutaja kwao hapewi kiti. Huondoka, na cha watu hukiacha."

Kesho yake mchana simu ilibipu. Violeth alikuwa ameshika mikono yote miwili ya mama yake. Ikabipu tena. Harufu ya majivu ikajaa nyumba. Mama alijivuta kuelekea simu kwa nguvu ambazo Violeth hakujua anazo, mdomo wake ukitamka bila sauti jina la Bujiku, Bujiku, na Bundala akamkumbatia kutoka nyuma, na simu ikabipu mara kumi, mara ishirini, ikizunguka juu ya gunia kama mende aliyelala chali, mpaka Violeth akaipigia kelele:

"Mwenye shida ni wewe! Piga wewe!"

Simu ikaacha kuzunguka. Kisha simu ikalia, na haikukatika.

Aliipokea. "Unapiga kutoka wapi?"

"Mwanangu, ni mama..."

"Mama yuko hapa. Unapiga kutoka wapi?"

"Msumbiji," ikasema kwa sauti ya Bujiku.

"Msumbiji ni 258. Wewe ni 217. Nchi zote nimezisoma, na yako haimo. Huna kwenu, na hapa hakuna kiti chako. Acha sauti ya mama yangu, ondoka!"

Simu ilipata moto mpaka ikamuunguza sikio. Hakuiachia. Kitu kama upepo kilipita kati yao na kutoka mlangoni, na Mama Eufrasia akakohoa majivu, akasema, "Maji."

Mwezi mmoja baadaye, wakiwa juu ya jabali, simu iliita. +258. Mama alifumba macho. Violeth alipokea bila salamu.

"Unapiga kutoka wapi?"

"We Vio, acha maswali, salio linaisha! Niko Msumbiji, simu niliibiwa, mpe Mayu haraka, mwambie Desemba na..."

Ikakatika.

Mama alifumbua macho, akaanza kucheka. Lile jingine halikuwahi kuishiwa salio.

Waliposhuka nyumbani, pasipo na mtandao, simu ikabipu. Violeth aliisoma namba: +217. Mama akamnyang'anya simu, akaiinua mbele ya uso wake.

"Piga wewe!" alifoka, na zizini ng'ombe wote wakageuza shingo.