Mchumba Wangu Aliiba Ukuta wa Sebule Yetu

"Huo ukuta ni wa kwetu!"

Nilisema kwa sauti. Ukumbi mzima ukageuka.

Wifi yangu mtarajiwa, aliyekaa kando yangu, akanivuta mkono.

"Kaa chini, wifi! Unatuaibisha!"

Sikukaa.

Kwenye skrini kubwa kulikuwa na nyumba ya wageni, ndani ya gemu la zamani la majoka na wachawi. Ukuta wake ulikuwa na rangi ya bluu iliyobanduka, na kwenye kona kulikuwa na mistari ya penseli. Mistari hiyo aliichora baba yangu, akitupima urefu mimi na kaka yangu. Ukuta huo niliupiga picha mwenyewe, nikauingiza kwenye gemu mwenyewe.

Na jukwaani, kipaza sauti mkononi, alisimama mchumba wangu!

"Kuta zote nilizipiga picha mimi," alikuwa anasema. "Nilizunguka mitaani na kamera yangu..."

Kamera ipi?! Mtu huyu hata chaja ya simu huazima!

Ngoja niwaeleze, maana najua mnataka kuuliza.

Mimi ni mpima ardhi. Nikitoka kazini, starehe yangu ni gemu hilo. Lilitoka nikiwa shule ya msingi. Ukilifungua leo, nyuso ni kama viazi na maji ni kama karatasi. Kwa hiyo wachezaji hutengeneza modi, vifurushi vidogo vya kubadilisha mwonekano. Mmoja anatengeneza nyasi, mwingine anga, mwingine nyuso. Kazi ni kuchagua. Ukichagua ovyo, kijiji cha maskini kinageuka ukumbi wa harusi.

Na kuna sheria moja. Modi hupangwa kwa foleni. Mbili zikigusa kitu kimoja, ya mwisho inaifunika ile ya kabla yake.

Mimi nilichagua chache: mwanga, maji, ukungu wa asubuhi. Kuta nikatengeneza mwenyewe. Jemadari, ndivyo mchumba wangu anavyojiita mtandaoni, alikuwa ananicheka.

"Mpenzi, watu wanataka vitu vinavyong'aa! Hizo kuta zako chafu nani atazitazama?"

"Nyumba ya wageni iliyojaa moshi haing'ai."

"Wewe na ushamba wako!"

Kisha kampuni moja ya kutengeneza magemu ikatangaza shindano. Lifanye gemu la zamani lionekane jipya, mshindi anaajiriwa kitengo cha michoro. Nilituma kazi yangu. Niliitaka ajira ile kuliko kitu chochote...

Sikujibiwa. Jemadari akanifariji, akanitengenezea chai.

"Si kila mtu ana jicho, mpenzi."

Nikamshukuru. Jamani, nikamshukuru!

Baadaye akasema yeye ndiye ameshinda, kwa kazi yake "ya siri". Akaniomba nisije kwenye hafla ya ushindi, eti nitamtia woga. Dada yake ndiye aliyenishawishi: "Twende tukakae nyuma, tumshangilie."

Sasa turudi ukumbini.

Mkuu wa kitengo cha michoro, mama mwenye miwani minene, aligonga meza.

"Dada, utasikilizwa. Kijana, hiyo ilikuwa video iliyoshinda. Sasa fungua gemu lenyewe, tutembee ndani."

Jemadari akatabasamu. "Nimeliboresha zaidi, mheshimiwa!"

Akafungua.

Niliona mambo! Matope yanang'aa kama vigae. Mhunzi mzee ana kope ndefu na midomo ya waridi. Ombaomba wa langoni ana ngozi ya bibi harusi...

"Ombaomba katoka saluni!" mtu akapiga kelele nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko.

Yule mama hakucheka. "Ukuta uko wapi? Ule wenye penseli?"

"Uko... uko hapa hapa, mheshimiwa."

"Hapa naona marumaru."

Jemadari akabonyeza huku, akabonyeza kule. Akazima anga. Akazima maji. Marumaru iko palepale!

Mimi nilishaliona kosa. Alichukua kifurushi kikubwa kinachong'arisha kila kitu, akakiweka mwisho wa foleni, kikafunika kazi yangu yote. Aliiba kitu asichokielewa!

"Zima ya mwisho," nikasema.

"Wewe usiniingilie!"

"Zima ya mwisho, Jemadari."

Yule mama akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe. Ukuta wa bluu ukarudi, na penseli yake.

"Mistari hii ni ya nini?" akamuuliza Jemadari.

"Ni... mikwaruzo tu. Mapambo."

Akanigeukia mimi.

"Wa juu ni wa kaka yangu," nikasema. "Wa chini ni wangu. Katikati kuna mmoja umefutwa kwa kidole. Kaka alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, baba akamshtukia."

Akaikuza picha. Doa la kidole lilikuwepo.

"Wewe ndiye yule mpima ardhi?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Sasa mbona ulijitoa?"

"Nilijitoa lini?!"

"Tulikuchagua wewe. Ukatujibu kwa barua pepe yako mwenyewe. Ukasema kazi ni ya mchumba wako, wewe ulimsaidia kutuma tu. Na kwamba unaolewa, huna haja ya ajira."



Neno langu la siri alikuwa nalo mtu mmoja tu. Nilimpa mwenyewe, aliponitengenezea kompyuta. Kumbe aliisoma barua yao kabla yangu, akajibu, akafuta zote.

Nikamtazama. Hakukana!

"Nilifanya kwa ajili yetu! Mshahara si ungeingia nyumba moja?"

Nikahisi mkono wa wifi tena. Nikadhani ananivuta nikae. Kumbe ananisukuma mbele.

"Nenda, wifi," akasema, macho kwa kaka yake. "Nenda kabisa."

Nilipanda jukwaani, nikavua pete, nikaiweka mezani mbele ya Jemadari.

"Nafasi bado ni yako, ukiitaka," yule mama akasema.

"Naitaka. Na siolewi."

Bado nina hasira, na sina haraka ya kuzituliza. Lakini wewe unayesoma, angalia ni nani umemweka mwisho wa foleni yako: mwenye neno lako la siri, mwenye kujibu kwa jina lako. Huyo anaweza kukufunika mpaka watu wasahau ulikuwepo.

Ila modi haifuti kilicho chini yake. Mimi nilizima ya mwisho tu, nikajikuta nipo palepale.