Siku Tumbo la Ufuta Liliposimama

Enzi hizo, kila asubuhi kabla ya shule, nilifagia chumba cha mbele alimoshonea mama, kisha nikamwekea sungura wangu nyasi kavu. Nilimwita Ufuta kwa sababu ya madoadoa yake. Mpaka leo nikisikia cherehani, namwona juu ya rundo la vitambaa, masikio wima, kana kwamba anasikiliza umbea wa wateja.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, daktari wa mifugo alimfanyia upasuaji wa kumtoa kizazi, ili asije akapata uvimbe huko uzeeni. Aliponirudishia, alinipa karatasi yenye mistari.

"Mlaze kwenye taulo safi, asirukeruke, na uangalie mshono asubuhi na jioni," alisema. "Kila baada ya saa tatu uandike: amekula? Amepata choo? Sungura asipokula, tumbo lake husimama, halisagi tena, na hapo maisha yake yako hatarini."

"Nimeelewa, daktari."

Siku ya kwanza nilikuwa muuguzi kwelikweli. Siku ya pili, Jumamosi, wenzangu walikuja kuniita tukaruke kamba. Mama alikuwa ametoka kumpima bibi harusi nguo. Nilimchungulia Ufuta, alikuwa amelala kimya. Nikachukua kalamu, nikaweka alama za vema za kutwa nzima, mpaka za jioni, nikatoka mbio.

Niliporudi jioni nilimkuta amejikunyata, anasaga meno, majani yake vilevile nilivyoyaacha. Mama aliingia, akamtazama mara moja tu. Hakuvua hata viatu. Tulimtia Ufuta kwenye kikapu pamoja na ile karatasi, tukashika njia ya kwa daktari.

Daktari aliisoma karatasi, akakunja uso. "Amekula mara nne, na choo amepata. Basi si tumbo. Huenda mshono wa ndani umeachia. Itabidi nimpasue tena."

Kusema ni aibu, kunyamaza ni kumuua.

"Usimpasue, daktari!" Machozi yalikuwa yananitoka. "Nimeandika uongo. Nilikwenda kucheza. Sijui kama amekula."

Mama aliniangalia, na jicho hilo liliniuma kuliko kofi. Daktari alimpapasa Ufuta tumbo taratibu, akasikiliza kwa mirija yake ya masikioni. "Kimya kabisa. Tumbo limesimama." Alimchoma sindano ya maumivu, akamwongezea maji mwilini, akanifundisha kumlisha uji wa majani kwa bomba lisilo na sindano, tone kwa tone, pembeni mwa mdomo.

Asubuhi nilikuta punje tatu nyeusi za kinyesi kwenye taulo. Nilipiga vigelegele mpaka mama akaacha kushona.

"Mwanangu, tangu nizaliwe sijaona mtu akishangilia mavi!"

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Ufuta naye, asiye na habari na sisi, alikuwa akitafuna jani.

Baada ya siku kumi tulimrudisha akakaguliwe. Mshono ulikuwa umefunga vizuri. Daktari alinishika bega.

"Nilikuwa karibu kumpasua bure," alisema. "Ulikosea, lakini ulisema kabla sijashika kisu, ndiyo maana yuko hai. Mgonjwa asiyeweza kusema anazungumza kwa mdomo wa anayemuuguza. Mdomo huo ukisema uongo, mwanangu, hata daktari bingwa hutibu gizani."