Kule Chini Hakuketiwi

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tisa, siku ya kawaida kabisa. Wanawake wa Colleserra walikuwa wameanika nyanya juani, matrekta yalipanda mlima yakiwa yamesheheni zabibu, na mzee mmoja aligombana na mbwa wake mbele ya duka la mikate. Ersilia Bonafede alishuka kwenye gari na bomba la ramani kwapani. Alikuwa na furaha. Kazi ya miezi minne ilikuwa imebakiza nyumba moja tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta viwanja vya Warumi vilivyopotea. Si vile vikubwa ambavyo wageni hupanga foleni kuvipiga picha, bali vile vilivyozikwa, ambavyo hata wanaolala juu yake hawavijui. Viwanja vya umbo la yai, ambamo zamani watu waliketi kwa maelfu kutazama binadamu na wanyama wakiuana mchangani. Kimoja alikipata Ufaransa kwa sababu ya ua wa miti uliopinda bila maana katikati ya mashamba yaliyonyooka. Kingine Uhispania, mwaka wa ukame, nyasi zilipokauka mapema juu ya kuta zilizofukiwa zikachora yai la manjano lililoonekana kutoka angani. Kwa kazi hiyo alikuwa ametembea nchi saba.

Colleserra haikumsumbua kuitambua. Nyumba zake thelathini na sita za katikati zilikizunguka kiwanja cha soko zikiwa zimepinda migongo pamoja, maana zilijengwa juu ya ngazi za uwanja wa kale. Kila nyumba ilikuwa na chumba cha chini cha kuwekea mvinyo, na ndani ya kila chumba kulikuwa na kipande cha ukuta wa Warumi. Ersilia alikuwa ameshuka vyumba thelathini na tano, akavipima vyote.

Jambo moja tu ndilo lililomshangaza. Katika vyumba vyote hivyo hakuona kiti. Wala kigoda, wala kreti lililogeuzwa. Watu walishuka, wakamimina mvinyo wakiwa wamesimama, wakaonja wamesimama, wakapanda. Siku moja mwenzake Fosco, mtaalamu wa rada ya kuonyesha vilivyofukiwa ardhini, mtu mnene mwenye magoti mabovu, alijitupa juu ya pipa katika chumba cha muuza mikate. Muuza mikate, mtu mpole siku zote, alimkamata ukosi akamnyanyua.

"Juu utaketi mpaka uchoke," alimwambia. "Hapa simama."

"Kwani nimekalia mama mkwe wako?" Fosco aliuliza.

Yule bwana hakucheka.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya bibi Argenide Palazzesi, mwenye miaka themanini na miwili. Chumba chake cha chini kilikuwa na mlango ulioelekea chini ya soko, nao ulikuwa umezibwa kwa matofali. Mara tatu Ersilia alimwomba ruhusa ya kuufungua, mara tatu bibi alimfungia mlango usoni. Jumatatu jioni akapiga simu mwenyewe: "Njooni kesho. Mapema."

Aliwakaribisha Ersilia na Fosco jikoni kwa mkate na jibini la kondoo. Alikuwa amevaa gauni zuri la kwendea kanisani.

"Mmesikia habari za mume wangu," alisema.

Ersilia aliinamisha macho. Mji mzima ulijua kwamba Quinto Palazzesi alitorokea Ubelgiji mwaka sitini na tatu na mwanamke msusi.

"Hakwenda Ubelgiji," bibi alisema. "Alishuka kuleta mvinyo wa chakula cha mchana. Alikuwa amechoka na mavuno, akaketi. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamwona anaketi. Watu waliposema amenikimbia niliwaacha waseme. Kuachwa ni aibu, ila ni aibu ambayo watu wanaielewa. Ukuta ule niliujenga kwa mikono yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja."

"Sasa bibi, kama ni hivyo, leo mbona unatufungulia?" Fosco aliuliza.

"Daktari kaniambia jambo wiki iliyopita. Nataka kuona kabla sijaondoka." Akawanyooshea kidole mmoja mmoja. "Lakini kule chini hakuketiwi. Anayeketi ni mtazamaji. Na akishakuwepo mtazamaji, lazima pawe na cha kutazama."

Fosco alimkanyaga Ersilia mguu chini ya meza, akizuia kicheko.

Ersilia hakucheka. Wala hakuamini. Aliwazia kipimo kimoja kilichosalia. Angeweza kusema, pole bibi, tuache tu. Baadaye alikumbuka mara nyingi kwamba nafasi ya kusema hivyo aliipata, na mdomo ulikuwa wake.

Saa sita kasorobo matofali yalikuwa yametoka. Hewa iliyotoka tunduni haikuwa baridi kama hewa ya chumba cha chini. Ilikuwa vuguvugu. Ilinuka jasho, na mkojo wa wanyama.

"Kuna bomba la maji machafu limepasuka," Fosco alisema, ila sauti yake ilikuwa ndogo.

Waliwasha taa za kichwani, wakapenya. Bibi Argenide alibaki mlangoni. Mbele yao kulikuwa na mchanga, mkavu, mweupe, bila alama. Kuzunguka mchanga zilipanda ngazi za mawe za kukalia, safu juu ya safu, nzima kama zilizochongwa jana. Ersilia aliinua kichwa afuate zinakoishia. Mwanga wa taa ulipanda, ukapanda, ukaishia gizani. Alisimama akipiga hesabu. Kutoka mchangani mpaka sakafu ya soko ni mita nne. Alikuwa ameipima mwenyewe. Dari lilipaswa kuwa pale pale, juu kidogo ya kichwa chake.

Hapakuwa na dari.

"Bosi," Fosco alinong'ona. "Tupime, tutoke."

Ersilia alitembea mpaka katikati ya mchanga. Alikuwa na kipimo cha mwanga, kile kidude cha kushika mkononi ambacho hutupa nukta nyekundu ukutani na kukupa umbali. Akakielekeza ng'ambo. Mita arobaini na moja. Ndiyo namba aliyoitaka! Yai la ramani yake lilikuwa limekamilika.

"Arobaini na moja, Fosco! Andika!"

"Naandika," Fosco alijibu nyuma yake. "Nipe dakika moja tu, magoti yananiua."

Akamsikia akishusha pumzi, kama mtu mnene anavyoshusha pumzi anapoketi.

Kisha pakawa kimya. Si kimya cha mahali patupu. Kilikuwa kimya cha watu wengi walioacha kuzungumza kwa pamoja.

Ersilia alipima tena, maana kazi yake ni kupima mara mbili. Thelathini na tatu. Akadhani mkono ulitetemeka. Akauegemeza kifuani, akapima. Ishirini na nne. Akamulika mbele. Mchanga tu, na ukuta kule mbali. Nukta nyekundu haikuwa ukutani. Ilikuwa imesimama hewani, mahali pasipokuwa na kitu, kwa urefu wa kifua cha mtu.

Kumi na saba.

Mchangani, mbele kidogo, punje zilisogea. Zikatulia. Zikasogea tena, karibu zaidi.

Kumi na moja.

"Fosco," aliita kwa sauti ya chini.

Jibu likawa kofi. Moja. La pili. La tatu. Aligeuka. Fosco alikuwa ameketi safu ya kwanza, akipiga makofi polepole, uso ukiwa na tabasamu. Hakumtazama Ersilia. Alitazama nyuma ya bega lake.

Na juu gizani, safu za mbali, mikono mingine ikaitikia.

"Mwinue!" bibi Argenide alifoka kutoka mlangoni. "Binti, mwinue huyo!"

Ersilia alikimbia. Alimshika Fosco kwapani, akavuta. Mara ngapi alikuwa amemsaidia kuinuka, siku zote akimtania juu ya tumbo lake! Uzito huu haukuwa wake. Ulikuwa kama kuvuta jiwe la nyumba.

"Simama, Fosco. Tafadhali simama."

"Ngoja kidogo," Fosco alisema kwa upole, bado akipiga makofi. "Ndiyo kwanza inaanza."

Bibi Argenide alikuwa ameingia. Aliuvuka mchanga kwa hatua zake fupi, gauni lake zuri likiburuta. Alifika, akashika mkono wa pili wa Fosco, akainua macho kutazama safu ya nyuma. Akaganda.

Ersilia alitazama alikotazama bibi. Aliona giza, basi.

"Quinto," bibi alisema. Hakuita kwa hofu. Alimwita kama anavyoitwa mtu aje mezani. "Mtazame. Fulana ile ile. Hajazeeka hata siku moja, mshenzi huyu."

"Bibi, nisaidie kuvuta!"

"Hatoki kwa kuvutwa. Mahali pake hapaachwi wazi. Ningelijua hilo siku ile..." Hakumaliza. Akapanga gauni lake vizuri chini ya mapaja, akajibana pembeni ya Fosco kwenye jiwe. Akaketi.

Papo hapo Fosco akawa mwepesi. Aliangukia mikononi mwa Ersilia, akilia kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Inuka, bibi. Twende," Ersilia alisema.

"Mwanangu, bado uko mchangani na mimi ni mtazamaji. Toka." Sauti ilikuwa tulivu, ila jasho lilimtiririka. Mikono yake miwili ilikuwa imejibana mapajani, kila mmoja ukizuia mwenzake. "Nenda kwa mguu. Usikimbie. Wanapenda mtu akikimbia."

Ersilia alimkumbatia Fosco kiunoni, akatembea. Mlango ulikuwa hatua ishirini. Alihesabu. Tano. Makofi yalikoma. Nane. Nyuma yake mchanga ulilia chini ya kitu kizito. Kilikwenda alivyokwenda. Akisimama, kilisimama. Kumi na mbili. Pumzi ilimgusa shingoni, moto na yenye unyevu. Fosco alianza kugeuza kichwa. Ersilia alimminya ubavu kwa kucha. Kumi na sita. Kipimo mkononi, alichokuwa amesahau kukizima, kilikuwa kimeelekea nyuma. Hakutaka kukitazama. Alikitazama.

Sifuri.

Kumi na tisa. Ishirini. Wakaanguka juu ya matofali, ndani ya chumba cha mvinyo, na mwanga wa mchana ukishuka ngazini.

"Bibi!" Ersilia aliita tunduni. "Bibi Argenide!"

Kilichomjibu kilikuwa kicheko. Cha chini, cha msichana anayenong'onezwa kitu sikioni. Kisha kengele ya adhuhuri ikapiga kanisani, na ilipomaliza, hapakuwa na sauti tena.

Zimamoto walifika ndani ya nusu saa. Nyuma ya lile tundu hawakukuta uwanja. Walikuta udongo wa mfinyanzi, mgumu, umejaa mizizi ya mti wa sokoni. Walichimba siku tatu, wakaingia mita sita. Mtaalamu aliyeletwa kuukagua alisema udongo ule haujaguswa kwa miaka elfu moja au zaidi. Bibi Argenide akaandikwa kwamba amepotea. Ersilia alihojiwa mara nne. Kila mara alieleza yale yale, na kila mara anayeandika alifika mahali akaweka kalamu chini.

Watu wa Colleserra hawakumhoji. Muuza mikate alikuja mwenyewe na saruji, akauziba mlango, akamwambia tu, "Sasa umejua."

Fosco hospitalini alionyesha viganja vyake. Ngozi ilikuwa imekwisha, nyama ikionekana. Daktari aliuliza amefanya kazi gani, na kwa miezi mingapi. Alikuwa ameketi pale kwa dakika tano, labda sita. Aliacha kazi. Hadi leo anakula amesimama kando ya jiko, na mkewe Oretta, aliyezoea kumsema kwa uvivu, sasa humbembeleza aketi japo kidogo. Haketi penye ngazi. Haketi penye watu. Kanisani husimama nyuma kabisa, mikono mfukoni.

Ersilia yeye hakuacha. Alijiambia kwamba akiacha atakuwa amekubali. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata alikwenda Ujerumani, kwenye shamba la ngano ambako mkulima alikuwa amekwaruza mawe kwa jembe. Vibarua walikuwa wamefukua safu moja ya viti, mita thelathini hivi, ikipinda taratibu kwenye tope. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na bado ilinyesha. Vibarua walikuwa kwenye gari wakila. Alisimama peke yake chini ya mwavuli, katikati ya shamba wazi lisilo na mti wala paa, akiitazama safu ile.

Mawe yalikuwa meusi kwa maji, yote.

Isipokuwa mahali pawili. Pembeni kidogo ya katikati, palikuwa na sehemu mbili nyeupe, kavu kabisa, zimekaribiana sana, kila moja upana wa mtu aliyeketi. Matone ya mvua yalishuka hadi juu yake kidogo, yakapasuka hewani, yakatiririka kando kama yanayotiririka mabegani.

Ersilia alizitazama kwa muda mrefu. Ndipo lilipomjia wazo la kutazama mahali alipokuwa amesimama yeye. Tope lilikuwa limeishia hatua chache nyuma yake. Chini ya viatu vyake kulikuwa na mchanga, mkavu, mweupe, bila alama.